Nyumba Inayosalimia Barabarani

Mjomba alinunua karavani kwa mzungu mmoja wa migodini aliyekuwa anarudi kwao, na kilichomnunulisha ni friji. Biashara yake ni samaki wa mto Luapula. Miaka nenda miaka rudi amelala Kasenga juu ya magunia, mbu wakimla huku, barafu ikimyeyukia kule. Kwa hiyo alipoona kitanda, jiko, sinki na friji vimepangwa juu ya magurudumu mawili, alitoa pesa bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo kwetu Lubumbashi huwatia ndugu wasiwasi. Taa za nyuma hakuzitazama. Nani akienda kununua nyumba huanza na taa za nyuma?

Taa hizo zilipoleta shida, mimi niliitwa kwa kuwa nilisoma. Katika ukoo wetu, aliyesoma amesomea kila kitu. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia. Akanitazama kama mtu anayekwepa mchango wa matanga.

"Na Inga? Haiko mu jiografia?"

Inga imo, sikatai. Kila mwaka huwachorea wanafunzi ile laini iliyokamilika mwaka 1982: umeme unatoka kwenye maporomoko ya mto Kongo huko magharibi, unapita juu ya misitu kwa kilomita zipatazo 1,700, kwa volti laki tano, hadi Kolwezi. Tena ni umeme wa kwenda upande mmoja tu, wa jamii ileile na ule wa betri ya gari. Wa mjomba ulikuwa volti 12, na safari yake, kutoka kwenye pikapu hadi mgongoni mwa karavani, haikuzidi mita nane. Haukufika.

Au tuseme ulifika, ila ulifika pasipotakiwa. Plagi ya taa za karavani ina pini saba na kila moja ina kazi yake: kukata kona kushoto, kukata kona kulia, taa ya ukungu, breki, taa za usiku za kila upande, na moja ya kuurudisha umeme ulikotoka. Mjomba alikanyaga breki, taa ya kukata kona kushoto ikawaka. Alipowasha ya kushoto, taa zote za nyuma zikaanza kupumua pamoja. Alipowasha za usiku, breki ikamulika kwa unyonge, ikafifia, ikamulika tena. Majirani walileta viti.

Gari likikataa kuwaka mtaani kwetu, wataalamu hawaitwi, huchipuka. Wa kwanza alisema ni fyuzi. Akaichomoa, akaitazama kwenye jua, akatoa karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, akaivingirisha, akaipachika mahali pake. Hapa lazima niseme neno hata kama sikuombwa. Fyuzi huwekwa ili yenyewe iungue na waya upone. Karatasi ya sigara haiungui kwa wakati. Huuachia waya ndio uungue, na waya wa karavani umepita ndani ya ukuta wa mbao, nyuma ya kitanda cha mtu. Niliitoa. Nikaambiwa walimu ni waoga. Wa pili alisema ni betri, na kwa bahati njema alikuwa na moja ya kuuza. Wa tatu hakugusa kitu. Aliuliza tu kama kuna mtu ukooni ambaye hakufurahia ununuzi huu. Wote tukamtazama shangazi.

Mjomba alikata shauri: mchana taa si lazima. Tutaondoka alfajiri kwenda Kasenga, na mtoto wa shangazi atakaa ndani ya karavani, karibu na dirisha la nyuma, ameshika kitambaa chekundu. Honi ikilia mara moja, autoe mkono nje ayumbishe: tunasimama. Ikilia mara mbili, auelekeze upande tunaokatia. Nimeona magari mengi yenye breki ya mkono, lakini hiyo ndiyo ya kwanza iliyokula maandazi njiani.

Kutoka Lubumbashi hadi Kasenga ni kilomita zipatazo 200. Kwenye kizuizi kimoja askari alitusimamisha, akazunguka nyuma kimya, akakuta mkono unatoka dirishani na kupunga kitambaa kwa nidhamu kubwa. Akarudi kwa mjomba.

"Papa, iyi nyumba inasalimia nani?"

Mjomba akajibu kwamba inasalimia serikali. Tukaruhusiwa kupita. Kuanzia Kasomeno, njia ya Pweto ilipotuacha tukashika ya mtoni, kijana alikuwa amechoka, na honi ilipolia mara moja alitoa mguu.

Kasenga ni mji wa samaki tangu zamani. Enzi za Wabelgiji, wafanyabiashara wa Kigiriki walikuwa hapa wakinunua samaki na kuwapakia na barafu kwenye malori kwenda Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Ng'ambo ya mto ni Zambia, na mitumbwi huvuka kama watu wanaovuka uwanja wa nyumbani. Katika mji kama huo fundi hatafutwi kwa cheti. Tulielekezwa kwa kijana mmoja sokoni anayetengeneza injini za mitumbwi, na ambaye chini ya paneli yake ya sola simu za watu zimelala zinachajiwa.

Chombo chake kilikuwa balbu moja ya gari yenye nyaya mbili. Basi. Waya mmoja aliufunga kwenye chanya ya betri, mwingine akaanza kuugusisha hapa na pale. Kwenye bodi ya pikapu balbu ikawaka vizuri. Kwenye chuma cha kuvutia karavani ikawaka pia. Akagusa kwenye soketi ya taa ya nyuma, pale umeme unapotakiwa kurudi: giza. Akagusa ukuta wa nje wa karavani: giza. Akacheka.

"Papa, ni masi. Inaenda, lakini haina njia ya kurudilia."

Tukaelewa, yaani mimi nikaelewa na mjomba akanitazama ili aone kama nimeelewa. Gari ni chuma mwili mzima. Ukifunga waya wa masi popote, umeme unarudi kwenye betri. Karavani ile ni mbao iliyovishwa bati la alumini. Chuma chake ni kile cha chini tu. Masi ikikatika, umeme wa breki hausimami ukakubali yaishe: unaingia kwenye balbu ya jirani, unapita kinyumenyume, na unarudi nyumbani kwa waya usio wake. Ndiyo maana ukikanyaga breki nyumba inakata kona. Taa zenyewe zilikuwa nzima zote. Na shangazi hakuwa amefanya lolote, ingawa hadi leo hakuna aliyemwomba radhi.

Kijana akafungua plagi. Ndani, pini ya masi haikuonekana. Palikuwa na unga wa kijani. Akaugonga ukadondoka kiganjani mwangu, na hapo, hatimaye, jiografia ikapata kazi. Ule ulikuwa ukijani uleule ambao Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji, aliukuta kwenye mawe ya Katanga mwaka 1892. Shaba ikikaa na unyevu na hewa muda mrefu hurudi kuwa karibu kile ilichokuwa kabla haijachimbwa. Kuanzia mwaka 1911, kwa miaka mingi, tanuri za Lubumbashi ziliyeyusha mawe ya kijani kupata shaba nyekundu. Karavani ya mjomba ilikuwa kiwanda kidogo kinachofanya kazi hiyo kinyume, bila malipo.

Nikaanza kuwaeleza. Kijana alisikiliza kwa adabu huku akikwangua pini kwa msasa.

Kisha akachuna waya wenyewe na kutuonyesha. Kwa nje mwekundu, kwa ndani mweupe: alumini iliyopakwa shaba kidogo kama poda. Mtu fulani huko nyuma alikuwa ameurekebisha kwa bei nafuu. Hebu fikiria: mkoa unaolisha dunia shaba, halafu sisi tunanunua dukani waya ambao shaba yake ni ngozi tu. Mjomba alitukana kwa lugha tatu. Fundi akapitisha waya mpya, mnene, kutoka kwenye plagi hadi kwenye chuma cha chini, na kutoka hapo hadi kwenye kila taa, akakaza skurubu juu ya chuma kilichokwanguliwa mpaka kikang'aa. Breki ikawa breki. Kushoto ikawa kushoto. Mjomba alikaa kwenye usukani akikata kona bila kwenda popote, watoto wa Kasenga wakishangilia kila upande ukiwaka.

Usiku ule alilala kitandani kwa mara ya kwanza, samaki wake wamejaa kwenye friji, na friji ikipoza taratibu. Kumbe mwenye waya wa bei nafuu alikuwa na kazi nyingine aliyoifanya: aliiruka relei inayokata umeme wa friji injini ikizimwa. Friji ya namna ile hula ampea-saa zipatazo 10 kila saa, na betri ya pikapu ilikuwa ya ampea-saa 70. Hesabu hiyo hata mwalimu wa jiografia anaiweza. Mjomba alilala kwa muda wa saa nane.

Asubuhi samaki walikuwa baridi sana, na pikapu ilikuwa baridi zaidi. Ufunguo ulizungushwa, kikasikika kitu kama mtu anayemeza mate. Vijana wa gatini wakaja wakiwa kundi, wakaikagua pikapu, wakaikagua karavani, wakanong'onezana. Mkubwa wao akasogea.

"Papa, tunasukuma motoka ao nyumba? Beyi haiko moya."