Katibu, Hela Zipo?

"Katibu, kama hela mmeshazila, semeni tu, tujue tunaanzia wapi."

Maneno hayo yalisemwa Jumapili iliyopita sebuleni kwangu, mbele ya kamati nzima ya harusi. Aliyeyasema ni shangazi wa bwana harusi, mama mtu mzima ambaye siku zote huniita mwanangu. Jumapili hiyo aliniita katibu.

Hakuna aliyekula hela. Hela zilikuwa salama kwenye simu ya mweka hazina, na mweka hazina alikuwa pale pale akimalizia sambusa. Mimi nilitakiwa kusoma orodha tu: nani ameahidi, nani ametoa, nani ameacha kupokea simu. Nikalibofya faili lake kwenye kompyuta. Kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Mwenyekiti, kwa busara zake, akasema tuendelee na ajenda nyingine, faili likifunguka tutarudi. Tukajadili ukumbi. Kiduara kinazunguka. Tukajadili keki, tukagombana kuhusu MC, tukapatana kuhusu MC. Kiduara kinazunguka. Soda zikaisha. Skrini ikapauka, yakatokea maandishi kwamba programu haijibu, na sebule nzima ikanigeukia mimi, kana kwamba nisiyejibu ni mimi.

Ndipo shangazi akasema yake. Kisha akafungua mkoba, akatoa kaunta buku, akavaa miwani, akasoma majina yote na kiasi cha kila mtu, bila umeme. Na langu lilikuwemo: ahadi, laki moja, aliyotoa, bado. Hilo alilisoma mara mbili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kompyuta ile ya mezani ilikuwa imetoka mikononi mwa fundi wiki hiyo hiyo. Ilikuwa imepigwa Windows mpya.

Mjini kwetu hakuna maradhi ya kompyuta yasiyotibiwa kwa kupiga Windows. Ikichelewa kuwaka, piga Windows. Ikigoma kuiona printa, piga Windows. Ikidondoka kutoka mezani, fundi ataiokota, ataitikisa, atauliza, "Hii ina Windows ngapi?" Wa kwangu alikuja na flashi imening'inia shingoni, hakuuliza inaumwa nini wala tangu lini. Akafomati, akasubiri, akanywa soda, akapokea shilingi 15,000, akasema, "Sasa hivi itakimbia, bosi." Na kweli jioni ile ilikimbia kidogo, maana ilikuwa tupu.

Wajumbe walipoondoka nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Linafunguka dirisha linaloonyesha nani anafanya nini ndani ya mashine. Prosesa ilikuwa imepumzika kabisa, asilimia 6. Safu ya diski ilikuwa imeiva rangi: asilimia 100. Nikatazama ni mzigo gani huo unaopita. Haukufika hata megabaiti 2 kwa sekunde. Diski imechoka hoi, na hakuna ilichobeba. Hapo nikasahau aibu, nikavuta kiti.

Ndani ya hadidiski ya kawaida kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Juu yake kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea, na kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa inayoburutwa na mzunguko wenyewe, kwa umbali wa nanomita chache tu; unywele wa binadamu ni mnene kuliko pengo hilo mara maelfu. Wazo la sahani zinazozunguka na mkono wa kusomea ni la mwaka 1956, IBM walipotoa mashine iliyoitwa 350, sehemu ya mtambo wa RAMAC: sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, uzito unaopita tani moja, na nafasi ya herufi milioni 5. Picha moja nzuri ya bibi harusi ingeijaza ikafurika. Tangu hapo sahani zimekonda na nafasi imeongezeka kupita kiasi, lakini kanuni haijabadilika. Data ikitakiwa, lazima mkono usogee hadi kwenye njia yake, halafu usubiri sahani izunguke mpaka data ipite chini ya kichwa.

Kusogea huko huchukua wastani wa milisekunde 9 hivi. Kusubiri sahani ni nusu mzunguko kwa wastani, milisekunde 4 na kidogo. Jumla 13. Kwa binadamu hiyo si kitu, hata kope haijafumba. Lakini piga hesabu: ni safari 75 tu kwa sekunde. Data ikiwa imepangwa mfululizo, mkono unatulia mahali pamoja na diski inamwaga megabaiti zaidi ya 100 kila sekunde bila jasho. Data ikiwa imetawanyika, vipande vidogo vidogo huku na kule, mkono unashinda njiani, na megabaiti mbili zinakuwa muujiza.

Nani alikuwa anauita mkono huku na kule? Windows yenyewe, ile mpya. Mfumo ukishawekwa upya hautulii. Kinga ya virusi inataka kukagua mafaili. Huduma ya utafutaji inataka kuyasoma ili itengeneze faharasa, siku utakapotafuta kitu ikipate haraka. Masasisho yanapakuliwa, yanafunguliwa, yanaandikwa upya faili kwa faili. Kila mmoja ana haraka yake, na mkono ni mmoja.

Halafu RAM ilikuwa gigabaiti 4. Ikijaa, mfumo huchukua kurasa za kumbukumbu zisizotumika sana na kuzihifadhi diskini, kisha huzirudisha zikihitajika. Ni ujanja mzuri, ila bei yake inatisha. Kufikia kitu kwenye RAM ni kama nanosekunde 100. Kukifuata kwenye diski ya kuzunguka ni kama milisekunde 10, yaani mara 100,000. Tuseme kuchukua chumvi iliyo juu ya meza yako ni sekunde moja. Kwa kipimo hicho, ya diskini utaipata baada ya saa 27 na ushee: unapanda basi Dar es Salaam, unashuka Mwanza, unalala, unanunua chumvi asubuhi. Kompyuta yangu ilikuwa inapika chakula cha kamati nzima kwa chumvi ya Mwanza, punje moja moja.

Hapa ucheshi unaniishia. Wanaojua watakwambia kwamba mashine iliyotoka kupigwa Windows iachwe imewaka usiku kucha, ikiwa na intaneti, imalize kazi zake kwa amani. Ushauri mzuri, kwa mtu ambaye intaneti yake si ya bando na umeme wake haukatiki. Kwangu masasisho yalilimaliza bando kabla hayajaimaliza kazi. Umeme ulipokatika, sehemu ya kazi ikaanza upya, kwa bando jipya. Hakuna aliyeniuliza. Watu wanaoandika programu wameamua kwamba gigabaiti hazina bei, kwa sababu huko waliko hawaoni bei yake. Kitufe cha kujizuia kipo: unaiambia mashine kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, nayo inapunguza kupakua. Lakini kimewekwa ndani ya mipangilio, na kwa Wi-Fi ya kawaida huwa kimezimwa. Mwenye bando dogo ndiye anayetakiwa kujua kwamba kipo na kwenda kukitafuta. Mwenye intaneti isiyo na kikomo hasumbuliwi na mtu.

Na bado hayo si maradhi yenyewe. Hiyo ni homa tu. Hadidiski hutunza kumbukumbu za afya yake kwa mfumo unaoitwa SMART, uliopo tangu miaka ya 1990. Sehemu ya sahani ikiharibika, diski huacha kuitumia, huweka nyingine ya akiba badala yake, na kuandika idadi. Ya kwangu ilikuwa imeshaandika mamia. Na kila inapokutana na sehemu mbovu, diski hairuki. Inasoma, inashindwa, inarudia, inarudia tena, na muda wote huo foleni nzima imesimama. Kumbe uzee huo ulikuwepo kabla ya fundi kuja, na ndio uliofanya nimwite. Akaifuta Windows iliyokuwa juu ya sahani zinazokufa, akaweka nyingine juu ya sahani zile zile. Programu ya kusoma kumbukumbu za SMART inapatikana bure, na kuifungua hakuchukui muda wa kunywa soda. Najua vijana hawa hawalipwi kwa kuchunguza. Mteja hulipia Windows, halipii swali. Lakini walio wengi wetu tunanunua mashine zilizotumika, diski zake zimeshamaliza ujana ofisini kwa watu wengine, na tunalipia dawa ile ile kila baada ya miezi kadhaa mpaka siku picha za marehemu bibi zinapopotea.

Nilimwita tena nikamwonyesha zile namba. Akazitazama kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Bosi, hapo tupige Windows tu."

Nimenunua SSD. Haina sahani wala mkono, na kukifikia kipande chochote huichukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde. Windows ni ile ile, RAM ni ile ile, na orodha ya ahadi inafunguka kabla sijakaa vizuri.

Sauti haitoki, draiva yake haijulikani ilipo. Printa inachapa alama ambazo hazimo katika alfabeti yoyote. Betri ndogo ya ubao mama imekufa, kwa hiyo kila umeme ukikatika kompyuta inarudi mwaka 2009.

Ndugu msomaji, fundi akikujia na flashi shingoni, mwambie kwanza abonyeze Ctrl, Shift na Esc, akusomee safu ya diski; kisha akufungulie kumbukumbu za SMART. Akikataa, mpe soda. Kompyuta usimpe.