Piga Ukipita: Mambo Saba ya Mbio na Ngumi katika Mirror's Edge Catalyst

Katika gemu unayoiona kwa macho ya mhusika mwenyewe, jicho lako lina mahali pamoja tu pa kutazama. Mkimbiaji hulitupa mbele, kwenye ukingo wa paa linalofuata. Mpiganaji hulikaza usoni pa adui. Anayetaka kutengeneza gemu yenye vyote viwili ana kesi ngumu ya kuamua, na studio ya DICE ya Stockholm imeiamua mara mbili: mwaka 2008 kwa Mirror's Edge, kisha Juni 2016 kwa Mirror's Edge Catalyst, iliyomrudisha dada yetu Faith Connors mapaani na kuianza hadithi yake upya. Mimi ni wa upande wa mbio. Nalisema mapema ili wapenda ngumi wajifunge vibwebwe. Tunahesabu kutoka saba kushuka hadi moja, na uzito unaongezeka tunavyoshuka.

7. Kamba

Faith wa 2016 amepewa kamba ya kurusha. Anabembea nayo kuvuka mashimo, anang'oa nayo vizuizi. Inapendeza, lakini inashika pale tu wabunifu walipoweka pa kushika, na ugomvi ukianza haina mchango mkubwa. Kamba, asante kwa kuja. Kaa hapo pembeni.

6. Rangi nyekundu

Jiji la 2008 lilikuwa jeupe, na kila kitu cha kukusaidia kukimbia, bomba, mlango au ubao wa kurukia, kiligeuka chekundu ulipokikaribia. Kisha DICE wakafanya jambo la akili sana. Askari alipoinua bunduki kukupiga nayo, ile bunduki nayo iling'aa nyekundu kwa kufumba na kufumbua, na hapo ndipo ulipobonyeza kitufe cha kumnyang'anya. Rangi moja ilisema "ruka hapa" na ikasema "nyakua sasa". Mbio na ugomvi vikapata ishara moja, jicho likapumua.

Catalyst imeongeza mstari mwekundu unaokutangulia kukuonyesha njia, na kwenye mipangilio unaweza kuuzima. Uzime, mwanakwetu! Jiji la Glass ni kubwa, lina njia za juu, za kando na za kupenya, na ukiufuata mstari utaijua moja tu. Wanaotaka kufikishwa mlangoni wapande daladala.

5. Kubingirika kwa pointi

Hapa napandisha sauti. Kubingirika unapotua kutoka juu ili usivunjike miguu, na kugeuka nyuma ghafla ukiwa ukutani ili urukie upande wa pili: Faith wa 2008 alikuja navyo tangu mwanzo. Catalyst imeviweka kwenye orodha ya ujuzi, uvikomboe kwa pointi. Najua, hadithi inaanza Faith akitoka kizuizini. Lakini ni kizuizi gani hicho kinachomsahaulisha mtu kubingirika?

Kosa hili linagusa moja kwa moja mizani ya gemu. Orodha ina sehemu tatu: mwendo, mapigano na vifaa. Pointi unayoitia kwenye ngumi umeinyima miguu, na mchezaji mgeni, akiwa bado hajaonja utamu wa kukimbia, anaulizwa anataka kuwa nani. Mimi ningempa miguu yote bure siku ya kwanza. Ngumi na vifaa ndivyo ningeviweka dukani.

4. Askari wanaopenda kingo

Askari wa KrugerSec, maadui wa Faith katika Catalyst, wana tabia moja inayonifurahisha: wanapenda kusimama karibu na kingo. Sijui mwajiri wao aliwafundisha nini, ila Faith anawashukuru.

Catalyst inakupa pigo jepesi na pigo zito, na pigo zito lina mwelekeo. Unamsukuma mmoja kwa teke upande wa kulia, anamwangukia mwenzake, wote wanayumba. Unamsukuma mwingine kwenye ukuta au uzio, anaduwaa. Huna haja ya kumkodolea macho kila mmoja. Unahitaji kujua nani amesimama wapi, na hiyo ndiyo hesabu ileile unayoipigia mapaa. Bora zaidi ni mapigo ya mwendo: unatoka kukimbia ukutani unamshukia askari kifuani, au unateleza chini unamkata miguu, kisha unaendelea na safari. Askari amekuwa kizingiti kama vizingiti vingine, chenye kofia ngumu.

Raha inapungua wanapoletwa wale wazito, wanaotaka uzunguke, ukwepe, upige, urudi upige tena. Hapo jicho linaganda, miguu inasahaulika, na Faith anaonekana mtu mwenye miadi mahali pengine.

3. Jirani kutoka Poland

Huwezi kulimaliza suala hili bila kubisha hodi Wrocław, kwa studio ya Techland. Dying Light 2 Stay Human, ya Februari 2022, ni mwendelezo unaobeba mzigo huohuo: mbio za mapaa na mapigano, ila unaopambana nao ni mazombi. Tena walimwita fundi mwenyewe. Mfaransa David Belle, mmoja wa waasisi wa pakuri, ule ufundi wa kuvuka kuta na mapaa kwa mwili mtupu, aliwashauri kuhusu mwendo na akaigiza mhusika anayeitwa Hakon. Ukitaka kujifunza kupika pilau, nenda kwa mpishi.

Techland wamefanya mambo mawili ninayotamani yangefika Stockholm. La kwanza, pumzi ni moja. Ileile inayomwezesha Aiden, mhusika unayemchezesha, kukwea ukuta ndiyo anayoitumia kuzungusha rungu, hivyo kila pigo lina gharama na unajifunza kuhesabu kabla ya kugombana. La pili, ujuzi wa mwendo unaupata kwa kukimbia na kuruka, na ujuzi wa ugomvi kwa kugombana. Hakuna anayemwibia mwenzake. Lile fumbo la namba tano limekwisha kuteguliwa!

Na wakalipeleka suala hadi kwenye mitaa. Unapokomboa mitambo ya maji na umeme ya jiji la Villedor, unaamua umkabidhi nani kati ya makundi mawili. Ukiwapa Peacekeepers, jiji linajaa mitego na silaha. Ukiwapa Survivors, unapata kamba za kuteleza kutoka jengo hadi jengo na mifuko ya kuangukia. Ngumi au mbio, na jibu lako linajengwa mbele ya macho yako. Mimi niliwapa Survivors kila kitu, na ningewapa tena.

Kisha mwaka 2024 Techland wakaingiza bunduki kwenye gemu hiyohiyo. Jirani, jirani! Tulikuwa tunaelewana vizuri sana.

2. Bunduki imeachwa nyumbani

Mwaka 2008 Faith aliweza kuifyatua bunduki aliyonyang'anya. Hakuweza kuongeza risasi, zikiisha, anaitupa. Bunduki kubwa zilimpunguzia kasi, na palikuwa na tuzo ya kumaliza hadithi bila kumpiga risasi adui hata mmoja. Yaani gemu ilikupa silaha kwa mkono mmoja na kukusihi usiitumie kwa mkono mwingine. Lakini wabunifu wenyewe walipanga askari wenye bunduki nzito katika kumbi za mwisho, na mchezaji aliyekwisha kufa mara nyingi hasubiri tuzo. Anaokota.

Catalyst imeiondoa kabisa, na naupigia uamuzi huo makofi kwa mikono miwili. Kulenga shabaha kunamtaka mtu atulie na jicho litulie. Hata kile kinukta cha katikati ya kioo katika gemu ya kwanza kiliwekwa kumsaidia mchezaji asipate kizunguzungu. Kilikuwa cha tumbo kabla ya kuwa cha risasi.

Atainuka mpenzi wa Titanfall 2, iliyotoka Oktoba mwaka uleule wa 2016, aniambie pale watu wanakimbia ukutani huku wakifyatua, na ni raha tupu. Kweli, ni raha tupu. Watengenezaji wake, Respawn, waliijenga gemu ile bunduki na miguu vikiwa pamoja tangu msingi, na wakapanga nafasi pana ili umwone adui kwa mbali huku ukipaa. Glass ni jiji la vichochoro vya juu, mabomba na milango. Ukisimama kulenga pale, umeshachelewa.

1. Kasi ndiyo ngao

Hiki ndicho kitu nilichokuja kukisema. Catalyst imebuni kinga inayojijenga Faith anapokimbia. Ukiunganisha mruko, ukuta, mteleko na mtuo bila kukwama, kinga inajaa, na risasi za askari zinamkosa. Ukisimama, huingizi kitu. Ukigongana na kona kwa uzembe, umejichomea mwenyewe.

Tazama kinga hii inavyotatua kesi yetu ya jicho. Katika gemu nyingi kinga inakutaka umtazame anayekushambulia: uinue ngao, ujifiche nyuma ya boksi, ukwepe kwa wakati. Hapa inakutaka utazame mbele. Mkimbiaji hodari analindwa na uhodari wake wa kukimbia, na akifika karibu na askari, pigo linakuwa hatua nyingine kati ya ukuta na dirisha. Kwa mara ya kwanza mbio na ngumi zinakula kwenye sinia moja bila kusukumana viwiko. Nimewaonyesha marafiki wanaocheza gemu za kandanda peke yake, nao walielewa kwa kuona tu: yule dada hapigwi kwa sababu hasimami.

Ndiyo maana nakasirika wanapofunga milango. Mara kadhaa hadithi inamwingiza Faith ukumbini, njia zinazibwa, askari wanamiminika, na hutoki mpaka wa mwisho alale. Mmebuni kinga inayokula kasi, wapendwa, kisha mkaijengea chumba kisicho na pa kukimbilia! Mchezaji anaishia kuzunguka nguzo akitafuta kinga, duara baada ya duara, na ufundi wote wa namba nne unageuka kuwa kukusanya mapigo.

Dawa yake haihitaji miujiza. Weka kuta za kukimbilia pande zote za ukumbi. Weka bomba la kukwea na sakafu ya juu, ili anayezungukwa apande, ajaze kinga, na arudi kwa kushukia mabega ya mtu. Panga askari kwenye njia ya kutokea badala ya kuwapanga katikati, wapigwe na mtu anayeondoka. Na ile milango, DICE, siku mkimrudia dada yetu, iacheni wazi. Akitaka kubaki apigane, atabaki mwenyewe.