Mpande Meli Pamoja, Mshuke Mkisalimiana

Anza kwa kufungua kundi la WhatsApp. Wiki ya kwanza watajaa humo ndugu, majirani, wanakwaya na shemeji asiyekosa jambo. Usiwahesabu bado. Wasafiri utawajua siku mweka hazina atakapotaja malipo ya awali: wale waliokuwa wakigombania rangi ya kitenge wataanza kutuma dua za asubuhi na picha za maua.

Tuseme waliobaki mmechagua wiki moja ya kuzunguka Mediterania kwa meli ya kitalii, kuanzia Barcelona. Someni ratiba kwa miwani. Palipoandikwa "Roma", meli itatia nanga Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka Roma yenyewe. Treni ipo, lakini aliyewaahidi watu picha ya Colosseum aamke mapema, na asiambatane na shangazi anayesimama kila duka kuuliza bei ya mikoba asiyonunua.

Viza ya Schengen huombwa miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Mtu mzima hulipa euro 90, na hazirudi hata ukinyimwa. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Kwenye taarifa ya benki, shemeji atashauri milioni kumi za kikoba zizungushwe akaunti hadi akaunti, kila mmoja atajirike kwa siku mbili. Msimsikilize. Maofisa wa ubalozi nao wana mashemeji. Na ratiba ikipitia Tunisia, mtakuwa mmetoka Schengen na kurudi, basi ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, msije mkaiona Ulaya mkiwa baharini.

Mizigo sasa. Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, kwa hiyo samli ya bibi ibaki kwa bibi. Melini nako pasi ya nguo na birika la umeme ni marufuku kwa sababu ya moto. Wakiviona kwenye mashine ya ukaguzi, vinazuiliwa. Hapo ndipo sare ya kitenge inapogeuka mtihani, maana kitenge kilichokunjwa siku mbili kinahitaji pasi. Kuna dobi wa meli, kwa bei ya dobi wa meli. Mpeni fundi cherehani tarehe ya uongo, wiki tatu kabla ya ile ya kweli, naye atawaletea siku mbili kabla ya ndege. Suruali za wanaume zitakuwa fupi. Hilo halina dawa.

Vyumba vigawe mwenyewe, usiwaachie watu. Chumba cha ndani ni rahisi kwa sababu hakina dirisha. Humo hujui kama ni alfajiri au adhuhuri. Anayetaka kulala peke yake ajue kwamba mara nyingi hulipia karibu nafasi ya mtu wa pili. Wanaokoroma wawekwe pamoja, wakomeshane.

Waelezeni mapema pia kwamba "kila kitu kimelipiwa" ni maneno ya tangazo. Chakula cha bufee, sawa, kula mpaka uombe msamaha. Soda, bia na intaneti huwa na bei yake, na makampuni mengi huongeza bahashishi ya wahudumu kwa kila kichwa, kila siku. Kadi ya chumba hupitishwa kwenye mashine bila noti kuonekana, na ndiyo maana mweka hazina wenu, aliyebana senti miezi minane, atakuwa wa kwanza kuagiza vinywaji vyenye mwavuli.

Zoezi la dharura la siku ya kwanza msilitanie. Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, saa chache baada ya kuondoka Civitavecchia hiyo hiyo, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria waliopandia hapo siku ile hawakuwa wamefanya zoezi. Lilipangwa kesho yake. Siku hizi hufanyika kabla ya kuondoka au mara tu meli inapong'oa nanga. Shangazi atasema amekuja kupumzika. Mpelekeni hivyo hivyo.

Kilichobaki ni saa, na hapa ndipo makundi huvunjika. Kwenye ubao pameandikwa abiria wote wawe ndani 5:30 jioni, yaani saa kumi na moja na nusu. Lazima mmoja wenu ataisoma saa tano na nusu na kujua ana muda wa kula tena. Meli haina konda wa kuambiwa "subiri, kuna mama anakuja". Huwangoja waliokwenda kwenye matembezi yaliyoandaliwa na meli yenyewe. Aliyejitembeza kivyake huifuata bandari inayofuata kwa nauli yake. Andikeni saa kwa Kiswahili, mtoe nusu saa, kisha mwambieni shemeji kwamba ni saa nzima kabla ya hapo.

Usiku wa mwisho mabegi makubwa huwekwa koridoni ili yashushwe mapema. Kabla hujalisukuma la kwako nje, bakiza suruali moja chumbani. Kila safari yupo anayefunga zote, na asubuhi akashukia bandarini akiwa na kanga ya mkewe kiunoni.