Mateka wa Dürnstein

Mji wa Dürnstein, kando ya mto Danube huko Austria, hauna hata wakazi elfu moja. Lakini meli za watalii zikishatia gati, barabara yake kuu, ambayo ukuu wake ni wa jina tu, hujaa kama daladala ya jioni. Kiongozi mbele kainua mwavuli, kundi nyuma limeziba masikio kwa vipokea sauti. Utii mtupu.

Hapa ndipo Leopold wa Tano, mtawala wa Austria, alipomfungia Mfalme Richard wa Uingereza, yule Moyo wa Simba, mwishoni mwa 1192. Fidia yake ilikuwa fedha ya kukamua nchi nzima; mgawo wa Leopold ulisaidia kujenga kuta za Vienna. Mateka wa leo hawana haja ya kukamatwa. Wanajileta, nauli wamelipa wenyewe, na fidia wanaitoa huku wakicheka: jamu ya aprikoti, sabuni ya aprikoti, chokoleti ya aprikoti, na pombe kali ya aprikoti ndani ya kichupa kisichozidi kidole gumba.

Ngome alimofungwa Richard iko juu mlimani, kuipanda ni jasho, na Waswedi waliibomoa tangu 1645. Kwa hiyo wengi huupiga picha mnara wa buluu wa kanisa, wakaulizia choo, wakarudi. Chakula cha mchana kinawangoja melini, nacho kimeshalipiwa. Mwenye mkahawa atabaki kuwapungia mkono.