Mayonezi si Blanketi

Salamabila, mashariki mwa Kongo, haina shida ya watu wavumilivu. Kampuni ya dhahabu ya Banro ilisimamisha kazi kwenye mgodi wa jirani wa Namoya mwaka 2019, lakini wachimbaji wa mkono wangali wanaosha mchanga mpaka punje ya njano ijitokeze. Sasa mpe mmoja wao kabeji atengeneze saladi. Uvumilivu unaisha palepale: ataipasua vipande kama kuni, ataimwagia mayonezi nusu chupa, kisha atatangaza kwamba leo nyumba hii imekula kizungu.

Pole pole, ndugu yangu. Kabeji hukatwa nyembamba, hutiwa chumvi, huachwa robo saa itoe maji, kisha hukamuliwa. Kitunguu hufikichwa kwa chumvi na kusuuzwa, ukali ushuke. Nyanya ziingie mwisho, zisije zikageuza sahani kuwa supu. Kamulia limau, nyunyizia pilipili mbichi. Ulimi utashtuka wenyewe.

Na wewe bwana mkubwa uliyesikia kwamba kila jani bichi ni afya, iache sombe mbichi. Majani ya muhogo yana sianidi. Ndiyo maana mama zetu huyatwanga na kuyachemsha muda mrefu, wala hawakungoja semina ya mtu. Waulize hata kuhusu maji ya kuoshea mboga. Ya kisima yachemshe. Ya mto wa machimboni, panapotumika zebaki, hata ukiyachemsha mpaka kesho hayasafiki, na zebaki hiyo haijapata mayonezi ya kuifunika.