Yah: Kocha Aliyekuwa Anapita Tu

Kwa Kamishna wa NBA,
New York, Marekani.

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naipongeza ofisi yako kwa busara uliyoirithi kutoka kwa marehemu David Stern, hasa ile ya Desemba 2006. Denver Nuggets walikuwa wageni wa Knicks pale Madison Square Garden, wanaongoza 119 kwa 100, imebaki dakika moja na ushee. Kocha wa wageni, George Karl, bado kawaacha nyota wake uwanjani, jambo lililomchoma kocha wa wenyeji, Isiah Thomas. Kamera zikamnasa akizungumza na Carmelo Anthony wa Nuggets. Waliomsoma midomo wakasema anamwonya asisogelee kikapu. Haukupita muda, J.R. Smith wa Nuggets akachomoka na mpira kwenda kufunga, Mardy Collins wa Knicks akamkaba shingoni na kumbwaga chini. Nate Robinson wa Knicks akaingilia, yeye na Smith wakaporomokea kwa watazamaji wa mstari wa mbele. Mambo yalipoelekea kutulia, Anthony akamchapa Collins ngumi, kisha akarudi kinyumenyume kwa kasi ambayo hakuwa akiionyesha anapotakiwa kukaba. Waamuzi wakawatoa nje wote kumi.

Stern akawafungia wachezaji saba jumla ya michezo 47, Anthony peke yake 15. Kila timu ikapigwa faini ya dola 500,000, yaani tajiri alipe. Thomas? Ushahidi hautoshi. Machi iliyofuata Knicks wakamwongezea mkataba.

Kilichonifurahisha zaidi ni Nenê wa Nuggets na Jerome James wa Knicks, waliokula mchezo mmoja mmoja kwa kosa la kuondoka benchini wakati wa ugomvi. Kumbe mguu ukitoka benchini ni kosa, mdomo ukitoka ni maoni.

Na ni haki, maana kocha ana mamlaka gani? Yeye anaamua tu nani aingie, nani akae, mfumo gani uchezwe, mapumziko yaombwe lini. Timu ikibeba kombe, anaitwa fundi. Ngumi zikirushwa, anakuwa mtu aliyebahatika kupata kiti kizuri.

Wapo wasioielewa kazi hii. Mwaka 1998, ukumbi huohuo, Alonzo Mourning wa Miami Heat na Larry Johnson wa Knicks walipoanza kurushiana makonde, Jeff Van Gundy, kocha wa Knicks, alijitosa katikati, akaishia sakafuni kang'ang'ania mguu wa Mourning kama kupe. Dunia ikamcheka, na ilistahili: mtu mzima, suti na tai, anadhani ugomvi wa vijana wake unamhusu!

Kwa kuwa msimamo wa ofisi yako uko wazi, nina ombi moja dogo la kiutawala. Kuanzia msimu ujao, makocha walipe kiingilio.

Wako katika ujenzi wa kikapu,
Mtazamaji mwenzao