Mtu Nusu wa Paris

Picha ya mji ina balaa lake. Tundika ya simba sebuleni, mgeni atasema "simba mzuri" na kuendelea na chai yake, kwa sababu hajawahi kukaa na simba akamchunguza. Tundika ya mtaa uone. Kila anayeingia anageuka kuwa mhandisi au diwani. Wote wamekulia mtaani, wote wana neno la kusema kuhusu barabara, nguzo na mitaro. Haya tumeyaona tangu shemeji alipotuletea Paris nyumbani.

Shemeji, kaka wa mke wangu, hufuata mizigo Guangzhou: vitasa, mapazia, taa za dari. Dada yake alikuwa amependa picha kwenye kalenda ya zamani, "Mtaa wa Paris, Siku ya Mvua", ambayo Gustave Caillebotte aliichora mwaka 1877. Ni njia panda karibu na stesheni ya Saint-Lazare: mawe yamelowa, majumba yamepangana, na mbele kabisa bwana na bibi wanakuja chini ya mwamvuli mmoja. Picha yenyewe iko kwenye jumba la sanaa la Chicago tangu 1964, wala haiuzwi.

"Usijali, dada," shemeji akasema. "Ipo inakochorwa."

Na kweli ipo. Mwaka 1989 mchoraji na mfanyabiashara wa Hong Kong, Huang Jiang, alihamia na wachoraji wachache Dafen, kijiji kilichoko pembezoni mwa Shenzhen. Leo maelfu ya watu huko wanaishi kwa brashi. Unapeleka picha ya karatasi, wanakurudishia ya rangi za mafuta kwenye turubai, iliyochorwa kwa mkono. Oda ikiwa kubwa wanagawana kazi: huyu anapita na mawingu tu, yule anamfuata na nyumba.

Alipoulizwa anataka ukubwa gani, shemeji hakusita. Ni mtu wa Kariakoo, kutwa wateja wanamuuliza, "Hii orijino?" Akajibu: saizi orijino. Sasa, hiyo orijino ina sentimita 212 kwenda juu na 276 kwa upana. Mlango wetu wa sebuleni una sentimita 90.

Katika jumba la Louvre, ambako wachoraji wameruhusiwa kunakili kazi za mabingwa tangu 1793, ni marufuku nakala kulingana kwa ukubwa na picha ya asili. Sharti izidi au ipungue kwa moja ya tano. Zamani nilidhani wanaogopa matapeli. Siku hizi naamini aliyetunga kanuni hiyo alikuwa na shemeji.

Picha ilikuja kwa ndege, imeviringishwa kama jamvi. Fundi fremu ilibidi aunganishe mbao zake humo humo sebuleni, makochi yakiwa uani. Alipokwisha kuitandaza alirudi nyuma, akashika kiuno.

"Bosi, mmepigwa."

"Kwa nini?"

"Huyu mzee wa kulia kabaki nusu. Mgongo upo, mwamvuli upo, ubavu wa pili hakuna. Wamebana kitambaa hawa."

Nikamweleza kwamba Caillebotte mwenyewe ndiye aliyemkata, kwa makusudi, jinsi kamera inavyomkata mtu anayepita. Ni moja ya mambo yanayosifiwa kwenye picha hiyo. Fundi akanitazama kwa huruma. "Basi na huyo aliishiwa kitambaa," akasema, kisha akajitolea kumalizia ubavu uliokosekana kwenye plaiwudi, bei maelewano.

Rangi nayo ilikuwa haijakauka vizuri. Fundi akashauri tuianike juani kama kanga, lakini rangi hii haikauki kwa kupoteza maji. Ndani yake mna mafuta ya kitani, nayo hukauka kwa kunyonya hewa taratibu, na palipopakwa nene huchukua miezi. Ndiyo maana vanishi husubirishwa nusu mwaka au hata mwaka mzima. Katika kusubiri huko, mbu kadhaa wa Dar wamejipatia makazi ya kudumu Paris bila viza.

Wageni nao wakaanza kazi. Mama mkwe alisogea mpaka pua ikakaribia turubai. "Mwanangu, mvua yenyewe iko wapi?" Ni kweli: miamvuli imefunguliwa, mawe yanang'aa, lakini hutaona hata tone moja likidondoka. "Na mbona wote wamevaa meusi? Kafa nani?" Jirani yeye aliudhiwa na nguzo ya taa iliyosimama katikati ya picha na kuigawa mara mbili. Alifarijika kujua kwamba hata Ulaya huwekwa popote.

Kisha kijana wa jirani akatoa simu, akaitafuta picha ya Chicago na kuishika kando ya yetu. Anga ya kwao ilikuwa ya kijivu iliyochanganyika na buluu. Yetu ilikuwa ya manjano. Shemeji akawaka, akataka kudai pesa zake siku ile ile. Kumbe mkosaji ni kalenda. Picha ya asili ilisafishwa, ikarudishwa ukutani mwaka 2014 baada ya kuondolewa vanishi iliyogeuka manjano. Kalenda ilichapwa kabla ya hapo. Mchoraji wa Dafen alipewa karatasi akaambiwa achore kama ilivyo, naye akachora kama ilivyo, pamoja na uchafu wake wote.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Anayenakili akileta anga ya manjano tunasema kakosea. Akileta ya buluu tungesema kabadilisha. Hata wenye majina hawakusalimika. Canaletto, bingwa wa picha za Venice, alihamia London mwaka 1746, watu wakazusha kwamba si yeye. Mwaka 1749 ikabidi atoe tangazo gazetini, waje wamwone na kazi yake. Mpwa wake, Bernardo Bellotto, alichora Warszawa akitumia jina la mjomba. Mji huo ulipobomolewa katika Vita Kuu ya Pili, waliojenga upya sehemu yake ya kale walizitazama picha zake ili kujua nyumba zilikaaje. Usiidharau, basi, kazi ya mtu anayechora kile alichokiona.

Nawe ukitaka kuagiza, tafuta picha iliyopigwa baada ya kusafishwa, pima mlango kabla ya kupima ukuta, na mizigo ya vitasa mwachie shemeji. Mchoraji hana kosa. Na huyo mzee wa kulia, tafadhali, yuko sawa hivyo hivyo alivyo.